Mjadala: Watoto wapewe hadithi za kuchanganya kabla hawajazijua hadithi zenyewe?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna swali linalowagawanya walimu, wazazi na wakutubi kila linapoguswa. Mtoto ambaye hajawahi kusimuliwa kisa cha Cinderella, wala cha Jack na mharagwe wake, je, apewe hadithi inayowakutanisha hao wawili katika msitu mmoja? Wapo wanaosema huko ni kumvuruga mtoto na kuziua ngano za asili. Wapo wanaosema hadithi ni hadithi, ilimradi mtoto anasikiliza.

Mimi nasema apewe, ila si yoyote. Kila kisa kinachoingizwa kwenye mchanganyiko kiingie na deni lake, yaani madhara ambayo watu wake waliwafanyia wengine.

Chukueni Jack. Alikwea mharagwe akaiba dhahabu ya jitu, akarudi akaiba kuku anayetaga mayai ya dhahabu, akarudi tena akaiba kinubi, kisha akaukata mharagwe, jitu likaanguka likafa. Kisa kikisimuliwa peke yake tunampigia makofi, maana hakuna anayebaki wa kumdai. Sasa tazameni tamthilia ya muziki ya Into the Woods, iliyoandikwa na James Lapine na kutiwa nyimbo na Stephen Sondheim. Ilianza kuonyeshwa San Diego mwaka 1986 na kufika Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho jijini New York, mwaka 1987. Mwokaji mikate na mkewe hawana mtoto kwa sababu ya laana ya mchawi, na ili laana iondoke wanatakiwa kuleta vitu vinne: ng'ombe mweupe kama maziwa, joho jekundu kama damu, nywele za njano kama mahindi na kiatu kama dhahabu. Kila kimoja ni mali ya mtu wa hadithi nyingine. Kwa hiyo wanadanganya, wanaiba, wanambadilishia Jack ng'ombe wake kwa maharage. Sehemu ya kwanza inaisha kila mtu kapata alichotaka.

Sehemu ya pili anashuka mjane wa jitu, anamtaka Jack. Anaua watu ambao hawakuiba chochote. Hapo ndipo kina Cinderella, Jack na mwokaji mikate wanapoanza kuulizana: maharage yalitoka kwa nani? Nani alimtuma nani? Hakuna kisa kimoja kati ya hivyo ambacho kingeweza kuuliza swali hilo kikiwa peke yake. Kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuchanganya.

Kinachoniuma ni kwamba toleo lililofupishwa kwa ajili ya wanafunzi wadogo linaishia sehemu ya kwanza. Watoto wanaigiza wizi na uongo wote, kisha pazia linafungwa kwa shangwe. Naomba michango yenu.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe. Unaongea kama mtu aliyekwishazijua hizo hadithi zote. Utamu wa Cinderella kukutana na Jack unampata anayejua kwamba hao hawakupaswa kukutana. Mtoto wangu wa darasani hajui. Kwake huo ni umati wa watu wasio na asili wala fasili, mmoja ana kiatu, mwingine ana ng'ombe, mwingine ana nywele ndefu. Ukimwambia arudie alichosikia, anakutajia vitu na kukuachia visa.

Ngano moja ina kazi yake. Ina mwanzo anaoweza kuushika, ina jambo moja linalorudiwa mara tatu, ina mwisho. Mtoto anajifunza humo namna hadithi inavyojengwa, na ndipo baadaye anaweza kuivunja. Na mimi sina vitabu vya kuchezea. Nikipata fedha ya kitabu kimoja cha hadithi kwa muhula, siwezi kukitumia kwa hadithi inayodai mtoto awe ameshasoma vingine vinne.

Mtu wa Pwani

Mwalimu, shikamoo. Hoja ya vitabu naiheshimu, sina la kuipinga. Lakini hilo la ngano za asili zisizochanganywa, mie naliuliza: zi wapi hizo?

Kisa cha Sultani Darai tunakijua wengi. Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alikichapisha mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Haamdani ni maskini anayechakura jaani. Siku moja anaokota thumni, anamnunua paa, watu wanamcheka. Yule paa anaokota almasi, anaipeleka kwa Sultani Darai na kumposea bwana wake binti wa Sultani. Njiani anamwambia Haamdani aseme wezi wamemvua nguo, ili Sultani ampelekee mavazi ya kifalme. Aliyesoma ngano za Mfaransa Charles Perrault za mwaka 1697 atamwona paka aliyevaa buti humo, hatua kwa hatua. Kisha, bila ya kupumua, paa anaingia katika nyumba ya nyoka wa vichwa saba, anavikata vyote, na ile nyumba inakuwa ya bwana wake. Hicho ni kisa kingine kabisa, cha muuaji wa joka, kinachosimuliwa peke yake katika nchi nyingi. Wazee wetu waliviunga, na mtoto wa Unguja akasikiliza bila ya kuuliza mshono uko wapi.

Na hapa mleta mada nakuunga mkono zaidi kuliko ulivyodai. Katika Perrault, kijana anabaki na utajiri wake na paka anakuwa bwana mkubwa, kwisha. Huku kwetu paa anaugua, anamtuma bibi kizee kwa bwana wake, na Haamdani anasema apewe uji wa mtama. Mkewe anamsihi, hasikii. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Usiku mke anaota yuko kwa baba yake, anaamka na kujikuta yuko huko kweli. Haamdani anaota anachakura jaani, anaamka na kujikuta jaani. Deni limelipwa hadi senti ya mwisho.

Mama Wawili

Mimi nasema tu kama mzazi. Wanangu walianza na katuni ya Shrek, ile ya mwaka 2001, ambamo watu wa ngano wote wanafukuzwa kwao na kurundikwa kinamasini kwa zimwi. Walicheka, kisha wakaniuliza, mama, huyu mwenye pua ndefu ni nani? Nikawasimulia. Wakamwuliza na bibi yao. Bila ile katuni wasingeuliza. Kwa hiyo mwalimu, wakati mwingine mchanganyiko ndio mlango.

Msomaji wa Ngano

Naongeza kwa Mtu wa Pwani. Binti mwenye kofia nyekundu, kwa Perrault, analiwa na mbwa mwitu na hadithi inaishia hapo. Ndugu wawili Grimm, wakusanyaji wa ngano wa Ujerumani, walipochapisha juzuu yao ya kwanza mwaka 1812, tumbo la mbwa mwitu linapasuliwa, binti na bibi yake wanatoka wazima, linajazwa mawe. Katika kitabu hicho hicho kuna kisa cha mbwa mwitu na watoto saba wa mbuzi, nacho kina tumbo linalopasuliwa na mawe yale yale. Hata mama anayetaka kumuua Snow White alikuwa mama yake mzazi mwaka 1812. Toleo la 1819 likamfanya wa kambo. Mwalimu, kitabu unachotaka mtoto aanze nacho kina mikono mingi ndani yake.

Ila mleta mada, nawe nina neno nawe. Deni la Jack liliwasumbua watu zamani sana. Kitabu kilichochapishwa na Benjamin Tabart London mwaka 1807 kilimtia jini mwema wa kike anayemweleza Jack kwamba jitu lilimuua baba yake na kumwibia mali. Yaani wizi ukageuzwa haki. Joseph Jacobs, mkusanyaji wa ngano za Kiingereza, mwaka 1890 akakitoa kipande hicho, akasimulia kisa kama alivyokisikia utotoni, Jack akabaki mwizi mchangamfu. Watoto wakampenda hivyo hivyo. Naogopa kipimo chako kitaturudisha kwa Tabart, kila hadithi ibebe hakimu wake. Mtoto ana haki ya kufurahia ushindi wa mdogo dhidi ya mkubwa bila kusomewa mashtaka.

Mleta mada

Msomaji, Tabart na Lapine hawafanani hata kidogo. Tabart alimwondolea Jack deni ili tusihangaike. Lapine alilileta mlangoni likiwa na uso na kilio cha mjane. Na hakutoa hukumu: mwisho wa tamthilia Jack yuko hai, na walionusurika wanaishi pamoja na aibu zao. Huyo si hakimu.

Mama Wawili, nakubali kabisa kuhusu mlango. Ninachoomba ni kwamba nyuma ya mlango kuwe na nyumba.

Mwalimu, suala la fedha halihitaji vitabu vinne. Simulia kwa mdomo. Jack anasimuliwa kwa dakika kumi, Cinderella vivyo hivyo, siku tofauti, paukwa pakawa na viitikio vyake. Wiki inayofuata wakutanishe, uwaachie watoto wenyewe waulize.

Mwalimu wa Darasa la Tatu

Kusimulia kwanza, kisha kukutanisha: hilo nakubali, maana ndilo nililokuwa nalipigania. Na nitaanza na paa wa Haamdani, watoto wangu wanajua jaa na wanajua uji wa mtama. Lakini sehemu ya pili ya tamthilia yako siipeleki darasani kwangu. Humo mke wa mwokaji mikate anakufa na kuacha kitoto kichanga, na nina watoto waliozika mama zao mwaka huu. Waliofupisha lile toleo la wanafunzi huenda walifikiria watoto kama hawa. Umri gani unatosha kwa deni la namna hiyo, ndugu? Hilo hujalijibu.