"Used to" na "would", miye nakosea wapi?

Mtoto wa Majengo, Goma
Jambo ba yaya, munisaidie. Najifunza Kingereza mangaribi, juzi mwalimu akasema tuandike mambo tulikuwa tunafanyaka zamani. Nikaandika "When I was a child I would have a chukudu, I would ride it down to Birere" (chukudu ni ile kinga yetu ya mbao ya kusukuma na mguu, Birere ni kartiye ya hapa Goma). Akakata ile ya kwanza na biki nyekundu, ya pili akaiacha, na yote ni would! Kumuuliza, eti "utaelewa mbele". Kwa Kifaransa si imparfe (ile zamani ya mazoea) tu inamaliza yote?

Yaya wa Bukavu
Iko na haki, ila angekueleza. Would inapenda kitendo chenye kinaisha na unakirudilia: kupanda chukudu, kuteka maji ku ziwa. Kuwa na chukudu haiko kitendo, ni hali, hauamkake kila asubui unaanza tena kuwa nayo 😂 Hapo ni I used to have a chukudu, I used to like sambaza (samaki wadogo ba ziwa). Used to inabeba yote mbili, basi ukiwa na mashaka weka hiyo. Na would haipendi kuanza peke yake, lazima wakati ukuwe umeshatajwa, ile "when I was a child" yako njo ilikuokoa.

Mutu wa Lushi
Miye nasikilizaka ile -ka yetu. "Tulikuwa tunaendaka", "nilikuwaka na kinga" (baiskeli): penye -ka inaingia ku mambo ya zamani, used to nayo inaingia. Kiswahili sanifu haina hiyo, pole yake. Ila ukihesabu mara ngapi ao miaka ngapi, acha used to. I lived in Likasi for six years, I went to Kinshasa three times, past ya kawaida tu.

Mtoto wa Majengo, Goma
Aaa nimesikia. Na kukataa ni I didn't used to?

Yaya wa Bukavu
Didn't use to, bila d, juu did imeshabeba zamani, sawa na did you go. Kwa mdomo hausikie tofauti, yote ni "yusta", ni ku karatasi banakukamatia. Na usichanganye na I am used to riding, ile ni kuzoea, nyuma yake inakuja -ing.

Mtoto wa Majengo, Goma
"I used to have a chukudu. Every Saturday I would ride it down to Birere." Kesho namupelekea. Na ni used to ya kweli, juu baliiiba.