Nafikiria kuhama strongmani niingie pawalifti, naombeni ushauri wakuu

Mbebanira

Habari za muda huu wakuu. Kuna mashindano ya pawalifti yanakuja baada ya miezi michache na usajili bado uko wazi, ila sijajua nijisajili au nibaki nilipo.

Mimi ni mtu wa strongmani: gogo, nira, mawe, kutembea na mizigo mikononi. Nimekuwemo kwa miaka kadhaa na nimeshindana kundi la chini ya kilo 105. Uzito wangu sasa hivi unacheza kwenye 98. Gogo la kilo 125 nimelisukuma mpaka juu ya kichwa, nira (fremu ya mzigo inayobebwa mabegani) ya 300 naipeleka mita 20 bila kuishusha, dedlifti (kuvuta chuma kutoka sakafuni) nimevuta 280 lakini kwa strapu, ile mikanda ya kufungia mikono kwenye chuma. Benchi (kulala chali na kusukuma chuma) sijawahi kuipa nafasi, nikipima napata kama 135. Skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani kisha kuinuka) nilifika 215, ingawa wenzangu wanasema siendi chini vya kutosha.

Kinachonisukuma kuhama ni kiwiko cha kulia. Pale mbele, baisepu inapoingilia kwenye mkono, panauma kila ikipita siku ya mawe. Halafu kuna suala la vifaa. Mawe na nira si vyangu, namtegemea mwenye navyo, na kila shindano linakuja na matukio yake: hili ekseli (chuma kinene), lile mfuko wa mchanga, jingine tairi. Naweza kwenda kushindana tukio ambalo sijaligusa muda mrefu. Pawalifti ni skwati, benchi na dedlifti, leo na mwakani. Nikitoa namba, mtu yeyote popote anaielewa.

Kinachonizuia ni kwamba napenda kubeba. Nikishaitia nira mabegani nikaanza zile hatua fupi za haraka, hakuna kitu kingine kwenye tizi kinachonipa raha ile. Naogopa nikibaki na chuma kimoja na mazoezi matatu nitachoka roho.

Naomba kujua: nguvu niliyonayo itahamia kule au naanza upya? Kiwiko kitapona au nahamisha tatizo tu? Na je, nikitaka kurudi nitakuta nini?

Nawasilisha.

Taa Nyeupe

Karibu mkuu. Mimi nakaa kwenye kiti cha uamuzi wa pawalifti, kwa hiyo nitakujibu kwa upande wa sheria, maana ndipo watu wa strongmani wanapojikwaa wakifika kwetu.

Hiyo 280 yako iweke pembeni kwa sasa. Kwetu strapu hazipo kabisa. Pia kule mnaruhusiwa kukipumzisha chuma kwenye mapaja na kukisukuma kidogo kidogo mpaka kisimame. Kwetu chuma kikiegemea paja ukakipandisha hivyo, umepata taa nyekundu. Ndiyo maana kilo 500 za Eddie Hall mwaka 2016 na 501 za Hafþór Björnsson mwaka 2020, zote zikivutwa kwa strapu, haziingii kwenye rekodi za pawalifti. Ni mizigo ya kutisha, ila ni mchezo mwingine. Kwa upande wa faida, kwetu unaruhusiwa kuvuta sumo, miguu ikiwa imepanuliwa na mikono ikipita katikati ya magoti, jambo ambalo strongmani kwa kawaida hawalikubali. Lijaribu, huenda nyonga zako zikalipenda.

Skwati: mkunjo wa nyonga lazima ushuke chini ya sehemu ya juu ya goti. Kuwa sawa nayo haitoshi. Watu wa nira wamezoea kubeba mzigo mkubwa kwa kukunja magoti kidogo sana, kwa hiyo kina kinawapa shida. Hiyo 215 kama inaishia juu, hesabu kwamba bado hujui skwati yako ni ngapi.

Benchi ndiyo itakuumiza kichwa zaidi. Unasubiri amri ya kuanza, unashusha, chuma kinatulia kifuani, unasubiri amri ya kusukuma, unamaliza na kusubiri amri ya kurudisha. Kwenye sheria za IPF, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa 1972, kichwa, mabega na makalio havibanduki benchini, nyayo zote ziko sakafuni, na tangu 2023 viwiko navyo vinatakiwa vishuke mpaka usawa wa bega au chini yake. 135 ya kudundisha kifuani haiwezi kuwa 135 mbele yangu.

Waamuzi tuko watatu, taa mbili nyeupe zinatosha. Una majaribio matatu kwa kila zoezi na uzito ukishapanda haushuki. Ukikosa yote matatu kwenye zoezi moja, huna jumla ya mazoezi matatu, siku imeisha. Kwenye strongmani ukifanya vibaya tukio moja unaweza kufidia jingine. Kwetu hakuna kufidia.

Chuma Hakidanganyi

Hama mkuu, usijizungushe. Bill Kazmaier alikuwa bingwa wa dunia wa pawalifti 1979, akachukua World's Strongest Man, shindano la dunia la strongmani, 1980, 1981 na 1982, halafu akarudi kuwa bingwa wa pawalifti 1983. Mark Henry naye alitoka kwenye vyuma akashinda shindano la strongmani la Arnold Strongman Classic 2002. Mtu mwenye nguvu ni mwenye nguvu.

Gumba Gumu

Mkuu hapo juu, hao ni watu wa kipekee, na wote wawili walianzia kwenye chuma ndipo wakaenda kwenye mawe. Mleta uzi anataka kwenda kinyume, na ana kiwiko kinachouma. Tuanzie kwenye kiwiko.

Mbebanira, nisome taratibu hapa. Jiwe linaumiza baisepu kwa sababu unalikumbatia viganja vikitazama juu, mikono imenyooka, na ukijisahau ukakunja kiwiko wakati wa kulitoa chini, mzigo wote unaingia kwenye kano lile dogo linaloshika mfupa. Sawa, unaacha mawe. Lakini unaenda kwenye mchezo usio na strapu, na kitu cha kwanza utakachofanya dedlifti ikianza kuponyoka ni kugeuza kiganja kimoja kitazame mbele. Karibu kila mtu wa strapu anafanya hivyo. Mkono huo uliogeuzwa uko kwenye mkao uleule wa kwenye jiwe, na ndio unaochanika baisepu watu wakivuta mizigo mikubwa. Ukigeuza wa kulia utakuwa hujahama popote.

Dawa yake ni kushika kwa gumba: viganja vyote viwili vinakutazama wewe, gumba linapita chini ya chuma, kidole cha shahada na cha kati vinalifunika na kulibana. Chuma kikitaka kuzunguka kinazidi kubana, hakiponyoki. Inauma, sikufichi. Mwanzoni gumba linakufa ganzi na ngozi ya pembeni ya ukucha inachubuka. Anza na seti za kupasha moto peke yake, mzigo ambao ungeuvuta hata umesinzia, repu (rudio) moja moja, uachie, ushike tena. Kata kucha za gumba, paka chaki mpaka katikati ya vidole. Siku ukianza kwa kilo 200 utachukia na kuacha.

Na kabla ya yote hayo, mtu wa tiba ya viungo akushike hicho kiwiko. Maumivu ya mbele ya kiwiko kwa mtu anayebeba mawe si ya kuulizia humu peke yake. Ukisikia mlio wa kuchanika, au pakavimba na kuvilia damu ghafla, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, maana kano lililochanika likichelewa kushonwa kazi inakuwa ngumu.

Nguvu za Dada

Kaka, mimi nilitoka pawalifti nikaenda strongmani, kwa hiyo najua ulikosimama na unakotaka kwenda.

Usihame kwa sababu ya vifaa. Mfuko wa mchanga unaujaza mwenyewe, na vishikio viwili vya kubebea mizigo fundi yeyote wa kuchomelea anakutengenezea. Ukishakuwa na hivyo viwili pamoja na chuma cha kawaida cha jimu, sehemu kubwa ya strongmani umeishika. Gogo na nira utavitafuta shindano likikaribia.

Ila hilo la namba nakuunga mkono kwa moyo wote. Strongmani ukimaliza wa pili huwezi kujua kama umekuwa na nguvu zaidi au waliokuja walikuwa wachache. Mawe yanatofautiana, sakafu inatofautiana, kuna siku limepakwa gundi na siku halijapakwa. Kwenye pawalifti nilijua kabisa mwaka huu nimezidi mwaka jana kwa kilo ngapi, na hicho ndicho kitu pekee ninachokikosa huku.

Nilichokikimbia ni wiki za kurudia kitu kimoja. Kuna kipindi unafanyia kazi jinsi ya kupanga mgongo kwenye benchi, wiki nzima, na hakuna mtu wa nje atakayeona tofauti. Wengine wanaona raha hapo. Mimi nilikuwa naangalia saa. Hujatuambia wewe ni wa aina gani, na sidhani kama unajua bado. Kwa hiyo swali la kuhama au kutohama limewahi. Shindana mara moja kwanza.

Mbebanira

Asanteni sana. Gumba Gumu umenishtua, maana ni kweli, nikivuta bila strapu kiganja ninachogeuza ni cha kulia. Nimeshapanga kumwona mtu wa viungo wiki hii.

Dada, nimekuelewa. Nikisema nashindana mara moja, tizi langu liweje? Niache nira kabisa? Na nishuke kilo 93 au nibaki kundi la 105? Kwa 98 naona nimekaa katikati.

Kocha wa Jioni

Usishuke. Mtu anayeshindana pawalifti mara ya kwanza hana sababu ya kujinyima chakula na maji. Kwenye IPF mnapimwa saa mbili tu kabla ya kuanza, hakuna muda wa kujaza mwili uliokauka, na cha kwanza kupotea ni benchi. Kula kawaida, panda jukwaani na 98 zako.

Kuhusu tizi: benchi iwe mara tatu kwa wiki. Najua inaonekana nyingi kwa mtu aliyekuwa anaigusa pembeni, lakini ndiyo zoezi uliloliacha nyuma na ndilo litakalokupa kilo haraka. Siku moja nzito, nyingine chuma kinatulia kifuani sekunde mbili kwa mzigo wa kati, ya tatu repu nyingi kidogo. Mabega yako yana nguvu ya gogo tayari, kinachokosekana ni kifua na kuzoea mkao. Skwati mara mbili, zote kwa kina cha sheria, na mtu akurekodi kwa simu kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga. Ukirekodi kutoka juu kila skwati itaonekana imefika. Punguza mzigo bila huruma mpaka kina kije chenyewe. Usishangae ukianzia 180. Dedlifti mara moja kwa wiki inakutosha, mgongo wako umeshabeba mengi. Mpaka mtu wa viungo aseme neno, usigeuze kiganja.

Mawe yapumzike mpaka kiwiko kipone. Nira usiiache. Wiki moja ndiyo, moja hapana, mwisho wa siku ya skwati, weka kama nusu ya uzito wako wa juu, tembea mara chache uende nyumbani. Kiwiko hakihusiki sana hapo, mwili wa katikati unabaki imara, na wewe unabaki na kile unachokipenda. Wiki tatu za mwisho kabla ya shindano iondoe, miguu ipumzike. Gogo jepesi baada ya benchi halina ubaya kama kiwiko kikikubali kulipandisha kifuani. Kisipokubali, sukuma juu kwa chuma cha kawaida kutoka kwenye kishikilio.

Ulichouliza kuhusu kurudi: utarudi na miguu na mgongo wenye nguvu zaidi, na pumzi mbovu. Pawalifti ni repu moja na kupumzika kwingi. Tukio la sekunde 60 litakutesa mwanzoni, lakini pumzi inarudi mapema kuliko nguvu. Hilo lisikutishe.

Chuma Hakidanganyi

Nakubali Kocha. Na kama anataka kushindana, asome sheria za shirikisho lililoandaa hayo mashindano. Si yote yanafuata IPF. Kuna yanayokupima siku moja kabla, yanayoruhusu kufunga magoti kwa bendeji, na yanayotumia chuma chembamba cha dedlifti kinachopinda. Kwa IPF upande wa bila vazi la kusaidia ni mkanda, soksi za magoti na bendeji za vifundo vya mikono tu. Pia kuna upimaji wa dawa, kwa hiyo chochote cha kopo unachokunywa kihakikiwe mapema.

Mbebanira

Nimerudi na majibu. Mtu wa viungo anasema kano limewaka ila halijachanika. Mawe nimeyasimamisha, amenipa mazoezi ya kulirudisha taratibu, na dedlifti ameruhusu kwa sharti viganja vyote vinitazame. Gumba linauma kama mlivyosema, ila chuma hakijaponyoka.

Skwati ya kina halali imeniambia ukweli. 180 imepanda vizuri, 190 nimeilazimisha. Nimejisajili kundi la 105. Strongmani sijaiaga, nitaamua baada ya hapo nikishajua nimejisikiaje.

Taa Nyeupe, la mwisho: majaribio ya kwanza niweke kilo ngapi?

Taa Nyeupe

Hongera kwa kujisajili. La kwanza liwe mzigo unaoweza kuurudia mara tatu siku ambayo umelala vibaya. Kwa skwati hiyo ya leo usingeanza juu ya 170. Kwa benchi chukua ule uliofanya na chuma kikatulia kifuani kweli, na mtu akikupigia amri, si ule unaoukumbuka. La pili likusogeze karibu na rekodi yako ya tizini, la tatu ndilo la kujaribu bahati. Ukishuka jukwaani una dakika moja ya kupeleka namba inayofuata mezani, kwa hiyo nenda na karatasi yenye namba mbili kwa kila jaribio: moja kama limepanda kirahisi, moja kama limekutoa jasho.

Kuanzia wiki hii mwombe mwenzako akupigie amri kwenye kila repu nzito, zote tatu za benchi, mbili za skwati na ile ya kushusha dedlifti. Watu wenye nguvu kuliko wewe nimewawashia nyekundu kwa kurudisha chuma kabla sijasema.