Kadi ya mtandao imepotea kabisa kwenye kompyuta baada ya umeme kukatika

MamaStesheneri
Habari za usiku wakuu. Niko Kihonda, Morogoro. Nina kompyuta ya mezani, mtumba, ndiyo ninayochapia na kuprinti hapa nyumbani. Sasa hivi vijana wanakuja kujaza maombi ya mkopo wa chuo, kwa hiyo bila intaneti sina kazi.

Jumapili usiku mvua ilipiga, umeme ukakatika na kurudi mara tatu, na mashine ilikuwa imewashwa. Asubuhi ikawaka vizuri tu, ila mtandao hakuna. Waya wa LAN, huu unaoleta intaneti, ni mzima, nimeuchomeka kwenye laptop ya mdogo wangu ukashika palepale. Nimefungua Device Manager, ile orodha ya vifaa ya Windows, naona WAN Miniport (hizo ni za programu tu) zimejipanga, kadi yenyewe haipo. Hata yenye alama ya njano hakuna. Na lile tundu la LAN nyuma, taa zake zote mbili zimezima.

Fundi kasema madabodi, ile bodi kuu ya ndani, imeungua, laki na themanini. Sijambishia, lakini moyo unakataa. Mashine inawaka, inaprinti, kitu kimoja tu ndicho hakionekani. Kweli imeungua?

Chalii_wa_Kona
Pole dada. Piga Windows upya, itarudi.

MzeeWaSoda
Binti, usipige Windows kwanza, utapoteza kazi za watu bure. Ingekuwa draiva, ile programu ya kuiendesha kadi, ndiyo imekosekana, kadi ingeonekana hata kwa jina la Ethernet Controller lenye alama ya njano. Kama haipo kabisa, maana yake Windows inaita na kadi haiitiki.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ukizima kompyuta bila kuchomoa waya wa umeme, pawasaplai bado inapeleka volti 5 kwenye madabodi. Kadi ya mtandao inakula umeme huohuo, ili iweze kuamshwa kwa mbali. Umeme ukirukaruka, kadi inaweza kuganda, na hata ukizima na kuwasha mara kumi haigandui, kwa sababu haijawahi kukosa umeme.

Kwa hiyo zima, chomoa waya wa umeme, chomoa na wa LAN. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde 30. Iache dakika kumi, kisha rudisha. Ikigoma, ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uangalie Onboard LAN kama iko Enabled. Na saa ya mashine inasoma sawa? Ikiwa inarudi nyuma, ile betri ndogo ya madabodi, CR2032, imekufa na mipangilio inapotea.

Yote yakishindikana, washa kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, uandike lspci ikuorodheshee vifaa. Nayo isipoiona, hapo sema imeungua. Hata hivyo hununui madabodi. Kuna vifaa vya LAN vya kuchomeka kwenye USB.

Neema_Tz
Wakati unasubiri, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushea intaneti. Vijana wasikukimbie.

MamaStesheneri
Shikamoo mzee wangu. Saa inasoma sawa. Nimefanya kama ulivyosema. Niliposhikilia kile kitufe, waya umeshachomolewa, feni ilijizungusha kidogo kama robo mzunguko, ikasimama. Nilishtuka! Kumbe umeme ulikuwa umebaki ndani.

Nimesubiri dakika kumi na tano. Nimerudisha waya wa umeme, kisha wa LAN, ule ulimi wa plastiki ukalia tak, na kabla hata sijabonyeza kuwasha, taa ya kijani imewaka. Device Manager kadi ipo. Sikuhitaji hata kufika BIOS. Neema asante, simu iliniokoa asubuhi kwa vijana wawili.

MzeeWaSoda
Marahaba. Sasa mvua ikianza, chomoa vyote viwili, umeme na LAN. Radi hupita hata kwenye waya wa mtandao, watu wanachomoa mmoja wanaacha mwingine.

MamaStesheneri
Nimekuelewa mzee. Kesho nampitia yule fundi nimweleze taratibu, maana nilimwacha mteja mwingine pale mwenye shida kama yangu.