Mrejesho: Ile albamu ya Immortal niliyoulizia

Wakuu, wiki mbili nyuma niliuliza kama Blizzard Beasts (1997) ya Immortal, bendi ya black metal (roki nzito, ya kasi na makelele) ya Norwei, ni mbovu kama inavyosemwa. Mara ya kwanza nilizima: sauti imebanwa, gitaa linavuma kama mashine ya kusaga iliyofungiwa stoo. Juzi nikairudia ndani ya Kosta ya Makete, ukungu umeziba vioo, abiria wamejikunyata kwenye mablanketi. Ikaniingia! Haifiki nusu saa, ila Horgh, ndiyo kwanza kaingia kwenye bendi, anazicharaza ngoma balaa. Baadaye mkono ukamgomea mpiga gitaa wao, Demonaz, akaacha gitaa, akabaki kuwaandikia mashairi. Kwa kasi ile, sishangai. Bibi wa siti ya pembeni akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiyo redio imeharibika?"