Umeshajijua kwa mfumo mmoja, wa pili wa nini?

Kijana wa Kibokoni: Nawauliza wajuzi. Kazini tulipimwa tabia kwa Myers-Briggs, nikatoka na herufi zangu nne: INFJ, moja ya aina 16 za watu. Zimenifungua macho. Sasa rafiki yangu amenishikilia nijifunze na Eniagramu, ile ya namba tisa, eti bila hiyo nimejijua nusu. Mwasemaje?

Mzee wa Likoni: Nusu gani? Zamani ukenda kwa mtu wa falaki, hesabu ya jina lako na la mamako, unatajiwa nyota moja kati ya 12. Mkatwambia ushirikina. Leo mmeletewa aina 16 kwa kompyuta, imekuwa elimu! Mwaka 1948 Bertram Forer, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwapima wanafunzi wake tabia, kisha kila mmoja akapewa majibu "yake". Kumbe wote maneno ni yale yale, mengi kayaokota kwenye kitabu cha nyota. Wakampa wastani wa 4.26 juu ya 5 kwa usahihi. Jifunze mifumo mia, mwanangu, yote utajiona umo.

Binti Tudor: Shikamoo mzee, lakini hapo umechanganya. Forer aliwapa wote maelezo mamoja. Mifumo hii miwili huuliza mambo tofauti. Myers-Briggs, iliyotokana na mawazo ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, ya 1921, yataka kujua unapokeaje habari na unakataje shauri. Eniagramu ya kina Oscar Ichazo na Claudio Naranjo yauliza unaogopa nini. Mie ni namba 2, msaidizi. Herufi zilinisifu upole basi. Namba ikanisuta: mbona wapika sufuria zima la pilau kwa khitma ya jirani, kisha wanuna usiposhukuriwa? Wallahi sikulala.

Abiria wa Feri: Kuna mwenzangu kazini kila akichelewa, "mimi ni P," ile herufi ya wasiopenda ratiba. Akipata na namba atakuwa na visingizio viwili.

Mwalimu wa Majengo: Kama ni lazima uongeze, chukua ule wa sifa kuu tano za tabia (Big Five), ndio watafiti wengi wanaoutegemea. Haukuweki kwenye kisanduku. Kila sifa unapimwa umefika wapi, na wengi wetu tuko kati kati. Myers-Briggs hukata papo hapo kati: ukizidi kidogo wewe E, mtu wa watu, ukipungua kidogo I, mtu wa ndani. Ndiyo maana wengi wakirudia mtihani baada ya wiki chache, herufi hubadilika. Tatizo, sifa tano hazina hadithi. Hakuna anayejitambulisha harusini kwa asilimia.

Kijana wa Kibokoni: Basi nirudie kwanza ule ule?

Binti Tudor: Rudia. Kisha mpe dadako ajibu maswali hayo hayo kwa niaba yako, asione majibu yako. Mtakapohitilafiana, tuletee hapa.

Mzee wa Likoni: Na huyo dada mbona hakuulizwa tangu mwanzo?