Vakansi (likizo) hii unabeba kitabu gani? Tupeane uzoefu

Mwana Nguba
Wandugu wa Bukavu, Goma na kwingineko, salamu. Jana nilikuwa bandarini kumpokea mgeni. Boti lilipotia nanga watu walishuka wamejikunja, wengine wameshika matumbo, maana Ziwa Kivu lilikuwa limechafuka. Papa mmoja akashuka wa mwisho, kidole bado kiko katikati ya kitabu, hana habari na mtu. Nikajiuliza huyu kitabu chake alikichagua vipi. Wiki hii naenda Goma kwa dada yangu, shule zimefunga, watoto nawaacha kwa bibi yao. Kinene au chembamba? Kifaransa au Kiswahili? Cha karatasi au cha kwenye simu?

Yaya wa Kadutu
Mimi nasoma ukurasa wa kwanza palepale sokoni nimesimama. Muuzaji akinuna kabla mimi sijachoka, nanunua.

Motari ya Birere
Mi niko na swali moja tu: makuta ya kununua vitabu munatosha wapi? 😂

Papa Likasi
Yaya, ukurasa wa kwanza unadanganya. Waandishi wote wanaoga na kuvaa suti kwenye ukurasa wa kwanza. Fungua katikati.

Yaya wa Kadutu
Katikati si utajua tayari nani amekufa?

Mwalimu Kamalondo
Niko Lubumbashi. Huku mwezi wa saba baridi inauma, jioni hakuna anayekaa uani, kwa hiyo vitabu vinasomwa kweli. Nawashauri mwanzie kwa watu wetu. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, akafundisha hapa kwenye chuo kikuu kabla ya kwenda Marekani, akafariki 2025. *Entre les eaux* yake ya 1973 ni nyembamba, inaingia mfuko wa koti: padri anaacha parokia anaingia msituni na waasi. Lakini wembamba wake usikudanganye. Kurasa kumi za kitabu kile zinakushikilia asubuhi nzima. Mwenye kutaka kelele na pombe achukue *Tram 83* ya Mwanza Mujila, mtoto wa hapa hapa, ya 2014.

Papa Likasi
Mwalimu kwa heshima yako, *Tram 83* mimi ilinishinda. Wale watu hawanyamazi! Unasoma kana kwamba umekaa kwenye baa na kila mtu anakusemesha sikioni.

Mwalimu Kamalondo
Ndivyo inavyotakiwa, mzee. Mji wa migodi unaujua wewe.

Papa Likasi
Naujua, ndiyo maana nikipata vakansi naukimbia.

Mama Mapacha
Nyinyi mnaongea kama watu wasio na ndugu. Vakansi yangu mimi ni kwa wakwe, Minova. Ukikaa na kitabu saa tisa mchana, mama mkwe anauliza kama unaumwa. Nachagua cha hadithi fupifupi: unamaliza moja sombe (kisamvu) ikichemka, unafunga, unakoroga.

Yaya wa Kadutu
Hapo umesema, mama 🙌

Kijana wa Himbi
Jibu la karatasi au simu ni rahisi. Boti la haraka, simu usiitoe, maji yanaruka. Boti kubwa la usiku, taa ziko mbali na pale ulipolala, kwa hiyo simu ndiyo inafaa, ila ukifika simu haina moto (chaji) wa kumpigia anayekupokea. Chagueni.

Dada Mswahili
Hakuna aliyetaja kitabu cha Kiswahili hata kimoja, na tunaandika hapa kwa Kiswahili! Mwandishi Gurnah alipata Nobel ya fasihi 2021, na *Paradise* yake ya 1994 ipo kwa Kiswahili, inaitwa *Peponi*. Kijana anachukuliwa kulipia deni la baba yake, anaingia bara na msafara wa biashara. Sisi ndio wa bara jamani.

Papa Likasi
Kiswahili cha pwani kinanichosha, dada. Kila mstari nasimama.

Dada Mswahili
Na Kifaransa cha Mudimbe hukusimama?

Papa Likasi
Nilisimama, lakini kwa heshima 😅

Wa Majengo
Hilo boti la usiku limenikumbusha kitu, niruhusuni niandike kirefu.

Tarehe 22/5/2021, jumamosi jioni, Nyiragongo ilipasuka. Kwetu Majengo tuliona anga jekundu, tukakimbia, tukarudi asubuhi tukakuta moto wa volkano umesimamia kule Buhene. Tukadhani yamekwisha. Alhamisi ikatoka amri: sehemu kubwa ya mji ihame, ardhi inatetemeka, wanaogopa moto utatokea chini ya miguu yetu au ndani ya ziwa. Mama akabeba mtoto na sufuria. Papa akabeba karatasi za parseli (kiwanja). Kaka yangu mkubwa alikuwa anajitayarisha kwa Egzeta, mtihani wa kumaliza sekondari, akaingiza mkono kwenye rafu gizani akatoa kitabu kimoja kinene, akakiviringisha ndani ya mfuko wa sukari.

Njia ya Sake ilikuwa watu tupu. Magodoro kichwani, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimepakiwa mpaka mbuzi juu yake. Tulilala kwanza Sake, kisha tukasogea Minova, kwenye darasa la shule, familia nyingi pamoja. Hakuna kazi, hakuna masomo, unasubiri tu tetemeko lingine. Ndipo kaka akafungua mfuko. *Le Comte de Monte-Cristo*, volimu ya pili. Ya kwanza imebaki Goma.

Wanaokijua wataelewa matata yetu. Kwenye volimu ya pili yule bwana ni tajiri tayari, yuko Paris, anawamaliza watu mmoja mmoja kwa upole, na sisi hatujui wamemkosea nini! Kaka anasoma kwa tochi, anatafsiri papo hapo, darasa zima kimya. Akifunga, kesi inaanza. Mzee mmoja wa Walikale akasema huyu alikuwa mchimbaji, wale waliiba dhahabu yake. Mama mmoja akakataa: ni mambo ya mwanamke, tazameni anavyomwogopa yule Mercédès. Watoto walisema amefufuka. Kila asubuhi kwenye foleni ya maji volimu ya kwanza ilikuwa inaongezeka.

Mwezi wa sita tukarudi. Nyumba iko, rafu iko. Kaka akasoma volimu ya kwanza kwa siku chache, akaniambia: ya mzee wa Walikale ilikuwa nzuri kuliko hii.

Mama Mapacha
Uwiii! Mama alikuwa karibu kabisa na ukweli lakini!

Motari ya Birere
Ile siku mi nilibeba bantu mpaka esanse ikaisha. Pole ndugu. Sasa alimukosea nini?? Usiniache hivi.

Kijana wa Himbi
Barua ya uongo, akatiwa gerezani kwenye kisiwa, na mpinzani wake akamwoa Mer

Motari ya Birere
NYAMAZA. Nitasoma mwenyewe.

Mkaguzi
Samahani, mada ilikuwa vakansi. Hiyo ni kukimbia, si vakansi. Tusichanganye.

Wa Majengo
Mkubwa, shule zilifungwa, watu hawakwenda kazini, tulikaa kando ya ziwa tunasoma kitabu. Wewe iite unavyotaka.

Bibi wa 2002
Sisi wa Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka mara ile, tulitoka na Biblia na redio. Redio ndiyo ilisikilizwa zaidi, Mungu anisamehe.

Mkaguzi
Basi nakaa kimya. Ila swali la mwenye mada halijajibiwa: kinene au chembamba?

Papa Likasi
Kinene. Unakilalia.

Mama Mapacha
Chembamba. Kinene shemeji ataazima.

Mwalimu Kamalondo
Cha kuazimwa usibebe kabisa. Beba ambacho hata kikitumbukia ziwani utalala.

Mwana Nguba
Nimeelewa kwamba hamkubaliani 😂 Wa Majengo, kaka yako yuko Goma bado? Nafika alhamisi na boti la asubuhi. Volimu ya kwanza ninayo, ya pili ndiyo natafuta. Nirudishe lini?

Motari ya Birere
Ukishuka uniite, nakufikisha kwake. Ila ile ya kwanza unaniachia mimi.