Nyumba haijapauliwa Kibaha, makadirio ya chuo, na ziara za Machi

Kutoka: Mama wa Columbus
Jumanne, 3 Februari 2026

Shikamooni wakubwa, wengine habari za siku.

Binti yuko darasa la 11. Mwezi ujao, likizo ya shule, tunataka kuzunguka vyuo binafsi vya hapa Ohio. Kabla ya kuchoma mafuta tuliomba makadirio ya awali kwenye ofisi ya misaada ya chuo kimoja, sikitaji. Wamejibu kwamba kwa kuwa tumetaja nyumba nje ya nchi, wanataka hati ya thamani kutoka kwa mthamini anayetambulika. Nyumba yenyewe ni ya Kibaha, imefika kwenye lenta, haijapauliwa, na kiwanja kina mkataba wa serikali ya mtaa tu, hati haijatoka.

Swali ni moja: karatasi gani wanaikubali? Barua ya mtendaji wa mtaa inatosha, au lazima mthamini aliyesajiliwa? Na iwe kwa shilingi au kwa dola?

Kutoka: Mzee wa Worcester

Marahaba. Sasa nani aliwatuma mtaje nyumba? FAFSA, ile fomu ya misaada ya serikali kuu, haihesabu nyumba ya kuishi. Hiyo ni nyumba ya familia, iacheni huko Kibaha ilale.

Kutoka: Mhasibu, Lowell

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo unampoteza mama wa watu. FAFSA inaacha nyumba ambayo mzazi *anaishi*. Familia ya Mama inaishi Columbus. Kwa hiyo nyumba ya Kibaha, au kiwanja cha Kitengela, au fremu za duka Mwanza, zote ni "vitega uchumi", na huwa vinahesabiwa hata vikiwa nje ya Marekani. Kuficha ni kusaini uongo kwenye fomu ya serikali kuu. Tusifundishane hayo hapa.

Ila watu wanaogopa kuliko inavyostahili. Angalieni hesabu:

Kinachoandikwa ni thamani ya soko siku unayojaza, ukitoa deni lililoshikiliwa na mali hiyo. Unaandika bei ambayo mtu angeinunua leo ikiwa haina paa. Pesa ulizozika humo na bei ya ndoto ya baada ya vigae haviingii. Kama umechangia na ndugu, andika fungu lako tu. Kama jina lililo kwenye mkataba ni la bibi, ni mali ya bibi.

Fomula ya FAFSA inachukua mali ya wazazi kwa kiwango kisichozidi asilimia 5.64 kwa mwaka. Nyumba ya dola 30,000 inaongeza SAI, yaani namba ya uwezo wa familia inayotoka kwenye fomula hiyo, kwa dola 1,692 kwa juu kabisa, basi. Akiba iliyo kwa jina la mtoto ndiyo inayouma, asilimia 20. Wale mnaowawekea watoto pesa kwenye akaunti zao wenyewe, mmesikia.

Halafu kuna mlango ambao wengi hawaujui: familia yenye AGI (kipato cha mwaka kinachotoka kwenye fomu ya kodi) chini ya dola 60,000 haiulizwi mali kabisa kwenye FAFSA, mradi haijapeleka viambatisho vya kodi vya Schedule A, B, D, E, F wala H, na Schedule C, ile ya biashara, iwe ndogo. Vilevile aliyepata Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo) au SNAP (msaada wa chakula) ndani ya miaka miwili iliyopita haulizwi mali.

CSS Profile, fomu ya ziada ya baadhi ya vyuo, ni mambo mengine. CSS inauliza kila kitu, hata aliyesamehewa na FAFSA.

Kutoka: Mkenya wa Saint Paul

Bwana Mhasibu, umesema vizuri lakini umeruka mtego wenyewe. Wengi wetu tuna akaunti ya benki nyumbani. Ukiwa na akaunti nje ya nchi, ile sehemu ya tatu ya Schedule B inakuhusu, hata kama riba ni shilingi mia. Ukishapeleka Schedule B, ule msamaha wa dola 60,000 umekuponyoka. Na mwenye nyumba ya kupangisha Nakuru anapeleka Schedule E, naye ametoka. Kwa wengi wetu wa diaspora, msamaha unaobaki ni ule wa Medicaid na SNAP. Semeni ukweli wote.

Kutoka: Mhasibu, Lowell

Sijaruka, nimeitaja B hapo juu. Ila sawa, sikueleza kwa nini inatunasa sisi hasa. Na tafadhali msiache kupeleka Schedule B ili kulinda msamaha. Salio la akaunti zote za nje likipita dola 10,000 hata siku moja kuna FBAR pia, taarifa ya akaunti za nje kwa serikali, na faini zake zinaweza kuzidi ada ya chuo.

Kumbukeni mwaka wa hesabu. Mtoto wa darasa la 11 leo ataanza chuo Agosti 2027. FAFSA yake ni ya 2027-28, inafunguliwa Oktoba 1 mwaka huu, na inasoma kodi ya 2025, hiyo hiyo mnayopeleka kabla ya Aprili 15. Aliyetoa pesa kwenye 401(k), akiba ya kustaafu, mwaka jana ili apaue, kipato chake kimevimba kwenye mwaka mbaya kuliko yote. Aandae barua ya kueleza kwamba pesa hiyo haijirudii. Ofisi ina mamlaka ya kurekebisha, lakini hailazimishwi.

Kutoka: Mkenya wa Saint Paul

Kuhusu makadirio: Mama, usingoje ofisi. Kila chuo kinachopokea misaada ya serikali kuu kinalazimika kuwa na kikokotoo cha bei halisi kwenye tovuti yake, sheria ya 2008, ikaanza kutekelezwa Oktoba 2011. Lakini vikokotoo si ndugu. Kuna kile kifupi cha kiolezo cha serikali: kinauliza kipato na idadi ya watu nyumbani, hakigusi mali, kinakupa wastani wa kundi lako. Kuna kirefu kinachouliza mali, deni la nyumba, alama za mtoto. Ukipata 19 elfu kwa kimoja na 38 kwa kingine kwa takwimu zile zile, kwanza tazama maswali yaliyoulizwa, kisha tazama ni cha mwaka gani wa masomo. Vingine havijaguswa kwa miaka miwili na karo imepanda.

Kisha linganisha na College Navigator, tovuti ya takwimu ya serikali. Hapo kuna wastani wa bei halisi kwa makundi matano ya kipato: hadi 30,000, hadi 48,000, hadi 75,000, hadi 110,000, na zaidi ya hapo. Kikokotoo kikikupa namba iliyo chini mno ya kundi lako, usisherehekee.

Na SAI si bei! Kila mwaka mtu anakuja hapa kusema "SAI yangu ni 8,000 kwa hiyo nitalipa 8,000". Chuo kinachoahidi kujaza pengo lote, kama Oberlin au Kenyon, kinajaza kwa fomula yake. Chuo kisichoahidi kinaweza kukuachia pengo la elfu 20 na barua nzuri ya pongezi.

Kutoka: Dada wa Udahili

Nawasalimu. Mnajadili fedha, lakini mama ana ziara Machi na muda unakwisha, kwa hiyo niweke ya ziara.

Kalenda kwanza. Vyuo vingi hufunga wiki moja au mbili Machi. Ukienda wiki hiyo utaoneshwa majengo na nyasi. Fungua kalenda ya masomo ya chuo chenyewe, maana ya wilaya yenu ya shule ni nyingine. Jumapili kwa kawaida hakuna ziara.

Kwa Columbus mzunguko ni mwepesi. Denison, Granville, dakika kama 40. Kenyon, Gambier, ni kama saa moja. Viwili hivyo vinaingia siku moja: kimoja saa tatu asubuhi, kingine saa nane mchana. Ohio Wesleyan iko mji wa Delaware, humu humu Ohio, ni ya nusu siku. Wooster na Oberlin zipange siku ya pili, Oberlin karibu saa mbili kutoka kwenu. Vyuo vitatu kwa siku msijaribu. Cha tatu mtoto hakioni, anakitazama tu.

Kujiandikisha: mtoto ajiandikishe mwenyewe, kwa barua pepe yake, na jina liandikwe kama litakavyoandikwa kwenye Common App, ile fomu ya pamoja ya kuomba vyuo. Majina yetu matatu yanasumbua hapa. Leo babu ndiye jina la mwisho, kesho ni baba, na mfumo unafungua mafaili mawili. Siku yenyewe lazima mpite mapokezi ya udahili. Mkizunguka wenyewe bila kupita mapokezi, kwenye kumbukumbu zao hamkufika. Kujua kama ziara inahesabika kwenye udahili au haihesabiki, fungua Common Data Set ya chuo, yaani majedwali ya takwimu zake, sehemu C7, mstari wa "level of applicant's interest". MIT haihesabu. Vyuo vidogo vingi vinahesabu. Humo humo, H2A inaonesha wangapi wamepewa fedha bila kigezo cha uhitaji, na wastani wake. Hiyo ndiyo namba ya kuibeba mfukoni.

Kikao cha maelezo huchukua kama saa nzima, na matembezi na mwanafunzi saa moja hadi moja na nusu. Mzazi asimwulizie mtoto maswali yote. Ya kumwuliza mwanafunzi anayewatembeza: Ijumaa usiku watu wako wapi, mikutano na mwalimu inapatikana ndani ya siku ngapi, likizo ya Novemba bweni linabaki wazi? Ya kuuliza ofisi ya misaada, kwa miadi tofauti, dakika 20: ufadhili unahitaji GPA gani ili uendelee mwaka wa pili? Akipata ufadhili wa nje, mnapunguza mkopo au mnapunguza ruzuku yenu? Bima ya afya ya chuo inaweza kusamehewa kama yuko kwenye ya mzazi au Medicaid? Ndugu wawili chuoni kwa pamoja, mnawahesabu? (FAFSA iliacha kuwahesabu tangu 2024-25, CSS baadhi wanawahesabu.)

Waislamu: Ramadhani mwaka huu inafika hadi Machi 19 au 20. Ni nafasi ya kuona jikoni wanafanya nini kuhusu daku. Msiulize kama "wanajali dini zote". Ulizeni chakula cha saa kumi alfajiri kinachukuliwa wapi na kwa kadi gani.

Kutoka: Mzee wa Worcester

Kikokotoo, kikokotoo. Neno hili linanifuata mpaka Marekani. Kule Tanzania mwaka 2018 walimu waliambiwa kikokotoo cha pensheni kinawapa mkupuo wa asilimia 25, kelele zikapigwa, likasimamishwa, 2022 likarudi na 33. Hapa nako mnaniambia kikokotoo kinadanganya. Zamani mtoto akichaguliwa kidato cha tano unapewa fomu ya kujiunga: tranka, ndoo, jembe, fagio la chelewa. Unanunua, unampandisha basi, kwisha. Hakuna ziara wala C7.

Kutoka: Mkenya wa Saint Paul

Mzee, hiyo zamani imeisha pande zote. Kenya 2023 walileta mfumo mpya wa kuwagawa wanafunzi kwenye bendi kwa kipato, wazazi wakalia kwamba fundi wa Gikomba amewekwa bendi ya matajiri. Mahakama Kuu ikasema Desemba 2024 ni kinyume cha Katiba, serikali ikakata rufaa. CSS angalau unaweza kuandika barua ya maelezo.

Kutoka: Msimamizi

Siasa za pensheni na bendi zina uzi wake. Turudi.

Kutoka: Mhasibu, Lowell

Narudi. Mambo mawili ya mwisho ya fedha.

Kwanza, hadhi. FAFSA inamtazama mtoto: raia, green card, mkimbizi au aliyekwisha kukubaliwa asylum. Ombi la asylum linalosubiri halitoshi, TPS (hifadhi ya muda) haitoshi. Mzazi asiye na SSN (namba ya hifadhi ya jamii) anafungua akaunti ya FSA, ya kuingilia kwenye fomu, na kusaini kama kawaida. Na OCOG, ruzuku ya jimbo la Ohio, inalipa pia kwenye vyuo binafsi visivyo vya faida.

Pili, mikopo. Mtoto anayetegemea wazazi mwaka wa kwanza anakopa serikali kuu kwa kawaida hadi dola 5,500. Pengo lililobaki watu walikuwa wanalifukia na Parent PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa mzazi, hadi kufikia gharama yote ya chuo. Kuanzia Julai 1, 2026 PLUS ina ukomo: 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja jumla. Mtoto wa 2027 ameingia ndani ya sheria mpya. Kwa hiyo chuo chenye pengo la elfu 28 kwa mwaka hakilipiki hata kwa mikopo hiyo ya serikali, na ni bora kujua hilo Machi hii kuliko Aprili mwakani. Kwenye jedwali lenu wekeni safu hizi tu: gharama yote, toa ruzuku, toa ufadhili. Mkopo na kazi za chuoni msivitoe. Barua za vyuo zinavichanganya makusudi. Zidisha kwa nne, ongeza kupanda kwa ada.

ED (Early Decision, maombi ya mapema) msiiguse kabla ya kikokotoo kirefu kutoa namba mnayoiweza. Akikubaliwa, inamfunga kwenda.

Kutoka: Mama wa Columbus

Asanteni sana. Dada, Denison saa tatu na Kenyon saa nane nimeandikisha, kwa barua pepe yake. Na ile karatasi ya Kibaha?

Kutoka: Mzee wa Worcester

Piga bati kwanza.

Kutoka: Dada wa Udahili

Mama, Kenyon mle kabla ya kufika au mle pale pale. Gambier ni kijiji, migahawa ni ya kuhesabu. Vaeni viatu vya matope, Machi Ohio njia zao ni za changarawe. Binti aandike jioni hiyo hiyo mistari mitano kwa kila chuo, na majina ya kozi mbili alizozisikia, kwa sababu swali la "kwa nini chuo chetu" litamkuta Agosti 1 Common App ikifunguliwa.